Saumu za Mtaa Wetu

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe juu yako, na rehema zake zikufunike huko uliko, wewe na kazi ya mikono yako. Sisi huku tu wazima kwa fadhila zake. Mama yako anakusalimu sana. Kaka yako Fundi anakusalimu, na mkewe, na binti yao Chiriku, ambaye sasa husoma ubao wa duka kwa sauti kubwa hadi mwenye duka anamwomba apumzike. Usishangae kuona nimerudi kwenye kalamu. Simu ya nyumbani imepata hitilafu.

Kiwanda cha magunia bado kimefungwa. Geti lina mnyororo, na amebaki mlinzi mmoja anayelinda kutu. Wanaume waliokuwa wakiingia zamu ya asubuhi bado huamka saa ileile na kuvaa, kisha hukaa barazani wakiwa wamevaa.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Juma lililopita alitufikia karani wa takwimu, mwanamke mpole mwenye viatu vilivyochakaa, akatueleza kwamba nyumba yetu imechaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na nyingine za mtaa huu, ili serikali ikadirie namna kuanguka kwa thamani ya fedha kulivyogusa mapato ya kaya. Nilimkaribisha, nikajibu kwa niaba ya wote kama mkuu wa nyumba. Alitaka kujua tulipata nini kiwanda kilipokuwa kikifanya kazi, na tunapata nini sasa. Halafu akauliza, "Juma hili kuna siku mlikosa chakula?"

"Hatukukosa," nikamjibu. "Tulifunga."

"Siku ngapi, Mwalimu?"

Mama yako akajibu kutoka jikoni, "Jumatatu na Alhamisi, kama tulivyofundishwa. Na nyingine za nyongeza."

"Za nyongeza ni ngapi, mama?"

"Mwanangu, thawabu haziandikwi kwa kalamu ya serikali."

Jirani yetu Sindano, yule mshonaji, alikuwa ameegemea mlango wetu kama kawaida yake, maana siku hizi cherehani yake haina wa kuishughulisha. Akasema, "Binti, usijichoshe kwenda nyumba ya pili. Mtaa huu wote ni wacha Mungu. Tangu kiwanda kifungwe tumekuwa wacha Mungu kupita kiasi!"

Karani hakucheka. Aliandika tu.

Mimi mzaha ule haukunipendeza. Ni kweli kwamba kiwanda kilipofungwa niliwahimiza watu msikitini wazidishe saumu za sunna. Mtu aliyefunga haulizwi kwa nini jiko lake halikuwaka. Hapungukiwi na heshima mbele ya jirani wala mbele ya wanawe, na ujira wake uko kwa Mola. Nilidhani, na ningali nadhani, kwamba hiyo ni stara kubwa kwa watu waliovuliwa kila kitu kingine.

Nijulishe, je, hiyo ndiyo kazi ya ofisi yenu? Na majibu yetu mnayafanyia nini?

Wako katika dua,
Mjomba wako

*

Tarehe 2 Machi

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Nakuombea afya, na nawaombea wote waliomo ndani ya nyumba hiyo iliyonilea. Mimi sijambo. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, lakini hakivuji. Mishahara yetu sasa inakuja nusu, na hiyo nusu inachelewa. Nilichokiweka ndani ya bahasha hii ni kidogo, unisamehe. Mpe Chiriku salamu, umwambie shangazi yake anataka kusomewa.

Ndiyo, Mjomba, hiyo ndiyo kazi yangu. Tunachukua mapato ya kaya kabla ya msukosuko, tunachukua ya kaya ileile baada yake, tunatazama tofauti. Kutokana na nyumba chache tulizozihoji tunakadiria hali ya maelfu ya nyumba tusizozifikia. Mitaa inayoonekana kuanguka zaidi ndiyo itakayopelekewa unga wa msaada. Ndiyo maana jibu la nyumba moja ni zito kuliko anavyodhani anayelitoa.

Shida yetu ni kwamba nyumba inayoanguka hujipamba. Mtu akiuza kitanda, fedha inaingia. Karani asipouliza imetoka wapi, kwenye hesabu mtu huyo anaonekana amepata kipato.

Majibu hutufikia bila majina. Lakini nilipoiona nyumba ya mwalimu wa dini, dada yake mjane, fundi wa mitambo, mkewe na mtoto mmoja wa kike, sikuhitaji jina. Mwezi wa Januari nyumba hiyo iliingiza fedha nyingi kuliko ilipokuwa na mshahara wa kiwanda. Mjomba, kaka ameuza nini? Ni lile sanduku la vyuma vyake vya kazi? Na simu, ina hitilafu au haipo?

Kisha kuna lile ambalo nimelirudia mara nyingi kwenye karatasi. Mama anafunga siku ngapi kwa juma? Zamani barua zako zote zilikuwa na mistari yake chini, ile herufi kubwa inayopanda mlima. Safari hii hakuandika hata neno moja. Mwambie namuulizia yeye mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mpwa wako

*

Tarehe 11 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa salamu iliyo njema kuliko ile uliyonisalimu. Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Macho yangu hayapatani tena na mwanga wa jioni. Mvua zimekuja kwa wingi, na ua wetu umekuwa tope tupu. Chiriku ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga miluzi kila akitamka jina langu. Imamu ameugua, kwa hiyo kwa muda huu ninasalisha mimi. Ulichotuletea kimefika na tumekushukuru. Mungu akulipe badala yake.

Kuhusu kaka yako, ameamua kupumzika kidogo na kazi za vyuma. Siku hizi anakwenda sokoni kuwabebea watu mizigo, kazi ya halali isiyo na aibu.

Kuhusu saumu, mwanangu, umeniuliza swali ambalo halikustahili kutoka kwako. Kufunga ni siri baina ya mja na Mola wake. Ofisi haina mlango wa kuingilia humo. Mama yako ni mtu mzima, anajua anachokitaka kwa Muumba wake, na ana nguvu za kumtosha. Hakuandika kwa sababu mkono wake ulikuwa na kazi nyingine.

Nimetafakari pia habari ya unga wa msaada. Unataka niwaambie watu nini? Kwamba mgeni akija na kalamu wamfunulie vyungu vyao? Watu hawa walijenga msikiti kwa mishahara yao, tofali kwa tofali. Hawajawahi kunyoosha mkono. Siwezi kusimama mbele yao, kwa umri huu, nikawafundisha kuomba.

Usiache sala zako kwa sababu ya kazi.

Mjomba wako

*

Tarehe 28 Aprili

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo, na samahani kabla ya yote, kwa kuwa nitakayoyaandika siyo ya mtoto kumwandikia mzee wake. Afya yangu ni njema. Nimehamia kitanda cha pili katika chumba cha mwenzangu ili tugawane kodi.

Makadirio ya kwanza yametoka. Mtaa wetu umeandikwa kuwa umepungukiwa kidogo tu. Fedha za vitu vilivyouzwa zimehesabiwa kama mapato, na siku za saumu zimeingizwa kwenye safu ya wasiokula kwa hiari. Mkuu wangu alisoma mstari huo kikaoni kwa sauti.

"Mtaa mzima umefunga?" akasema. "Hongera zao. Hawa watatuombea na sisi."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Mzee, hawa hawana chakula."

"Wamesema hivyo?"

"Hawakusema."

"Basi, dada yangu, mimi nifanyeje? Mimi nakadiria niliyoambiwa. Siwezi kukadiria yaliyomo moyoni mwa mtu."

Amesema kweli, Mjomba. Unga unakwenda ng'ambo ya pili ya reli, kwa watu ambao nao wana haki. Kwetu hautakuja.

Makarani watarudi mwezi wa Juni kwa awamu ya pili, nyumba zilezile, maswali yaleyale. Hiyo ndiyo nafasi iliyobaki. Ulinifundisha nikiwa nimekaa kwenye mkeka wako kwamba anayeitwa kutoa ushahidi hapaswi kuuficha. Karani anapouliza, haombi mtu apige magoti. Anaita ushahidi. Kwako wewe kusema "tulifunga" ni stara. Kwenye karatasi yangu ni kukana kwamba kuna njaa.

Nakuomba mambo mawili. Uwaambie watu waseme kweli. Na umwambie Mama afungue, leo hii, kabla hujaikunja barua hii. Nimeambiwa na mtu aliyepita huko kwamba amekonda hadi kanga inamzunguka mara mbili. Kwa nini nisikie habari hizo kutoka kwa mpita njia?

Nijibu upesi, Mjomba.

Mpwa wako

*

Tarehe 24 Juni

Mpwa wangu,

Amani iwe nawe. Naamini basi lilikufikisha salama na kwamba kazini walizipokea siku zako za msiba bila manung'uniko. Tangu uondoke nyumba ina kimya ambacho hata Chiriku hathubutu kukivunja. Mke wa kaka yako anakusalimu. Kaka yako pia.

Barua yako ya Aprili niliipata. Ulipokuja kumzika mama yako hukuniuliza kwa nini sikuijibu, na mimi nilikuona ukijizuia. Wageni walikuwa wengi na hapakuwa na kona ya kusemea. Sasa nitakueleza kama yalivyokuwa.

Mama yako alikuwa akifunga kila siku. Jua lilipozama tulikaa pamoja kufuturu, naye alikunywa maji, akaonja kidogo, kisha akaisogeza sahani yake mbele ya Chiriku na kusema ameshiba. Nilimwona. Nilimwona siku nyingi. Nilijiambia kwamba dada yangu amenitangulia katika uchamungu, nami nikamwonea wivu mwema. Barua yako ilipofika nilimsomea, isipokuwa pale uliposema afungue. Pale niliparuka.

Siku alipoanguka bombani, kaka yako alimbeba hadi kitandani. Wanawake walipotoka, akaniita.

"Kaka, binti yangu ameandika nini ambacho hukunisomea?"

"Umejuaje?"

"Sauti yako iliruka kama Chiriku anaporuka maneno magumu."

Nikamweleza. Akacheka kidogo, akapungukiwa na pumzi. Akasema, "Anajua kuhesabu, huyo. Sasa nisikilize, nikifa usiwaambie watu nimekufa nimefunga. Utanipamba bure. Waambie dada yako alikuwa na njaa."

"Usiseme hivyo. Mola anaijua nia yako."

"Mola anajua. Hao watu wako ndio hawajui."

Nikamletea uji. Alikunywa vijiko vichache, tumbo likaukataa. Daktari wa zahanati alisema mwili ulikuwa umejila wenyewe muda mrefu. Mengine uliyakuta.

Alhamisi ya kwanza baada ya wewe kuondoka, nilisalisha adhuhuri. Watu walikuwa wamefunga kama ada yetu. Nilipotoa salamu sikuomba dua. Nilimwomba mwadhini kikombe cha maji, nikageuka nikawaelekea, nikanywa hadi chini. Mzee mmoja mstari wa mbele akasema, "Mwalimu umesahau. Leo Alhamisi."

"Sikusahau," nikasema. "Leo sikufunga. Nyumbani kwangu hakuna chakula tangu juzi, na hilo si saumu. Mwenye chakula akakiacha kwa ajili ya Mungu, huyo amefunga. Mimi sina. Dada yangu hakuwa nacho. Karani akija ataambiwa hivyo mlangoni kwangu."

Nilidhani wataondoka na kuniacha na kikombe changu. Kisha nikamsikia Sindano kutoka nyuma, "Hicho kikombe kina maji mengine? Au umeyamaliza yote peke yako, Mwalimu?"

Mwadhini akajaza tena. Kikapita mkono kwa mkono. Baadhi walikunywa, baadhi walikipitisha bila kugusa na sikuwalaumu. Msimamizi wa zamani wa zamu ya asubuhi, mtu mwenye kifua kama mlango, alikishika akalia ndani yake.

Karani alikuja siku chache baadaye, yuleyule. Alipofika swali la chakula hakuinua macho, nadhani aliogopa jibu letu. Nikamwambia siku ambazo tulikosa. Nikamwambia kwamba sanduku la vyuma liliuzwa, simu iliuzwa, na kitanda cha mama yako kimeuzwa baada ya kumzika. Akaandika kwa muda mrefu.

"Mko wangapi sasa, Mwalimu?"

Nikamwambia.

Kutoka kwetu akaingia kwa Sindano. Nilimsikia kupitia ukutani akisema, "Andika njaa, binti. Kama kuna herufi kubwa, tumia kubwa."

Nakuombea subira, na uniombee nami.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Julai

Mjomba wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa ngazini, sikuweza kufika chumbani. Nawasalimu wote. Mimi ni mzima wa mwili.

Nitakueleza ya kazi kwanza kwa sababu ndiyo ninayoweza kuyaandika. Awamu ya pili imekamilika. Safari hii mtaa wetu unaonekana jinsi ulivyo. Mapato yameshuka kupita mitaa yote tuliyoihoji. Mkuu wangu aliutazama mstari huo, akasema, "Hawa ndio wale waliofunga?" Nikamjibu kuwa ndio. Hakufanya mzaha. Unga utakuja kabla ya mwisho wa Agosti.

Lakini hautatosha kwa nyumba zote, kwa hiyo ndani ya mtaa wanachagua. Wanachukua mapato ya kaya, wanayagawa kwa idadi ya watu waliomo, halafu wanatazama nani amezidi kushuka tangu awamu ya kwanza. Fedha za vitu vilivyouzwa sasa zimeondolewa katika awamu zote mbili, na nyumba yenu inabaki na kile anachopata kaka sokoni, sawa na alichopata kwa vibarua mwanzo wa mwaka. Zamani kiligawanywa kwa watu watano. Sasa kinagawanywa kwa wanne. Kwa hiyo, Mjomba, kwa kanuni zetu ambazo mimi mwenyewe nilisaidia kuziandika, nyumba yenu imepata nafuu. Kila mtu ndani yake ana kipato kikubwa kuliko alichokuwa nacho Mama alipokuwa hai. Imetolewa katika orodha.

Nilikwenda kwa mkuu. Nilimwambia ni kosa la hesabu. Akasema, "Hesabu haina kosa. Ni chungu, lakini haina kosa." Akaniruhusu nitoke mapema.

Faili bado liko mikononi mwangu hadi wiki ya kwanza ya Agosti. Kuna kisanduku kimoja cha idadi ya watu. Nikiandika tano badala ya nne, hakuna atakayegundua, na Chiriku atakula. Sijawahi kugusa jibu la mtu tangu nianze kazi hii. Lakini huyu ni mama yangu, na yule ni mtoto wa kaka yangu. Niambie nifanye, nitafanya. Ukininyamazia pia nitafanya.

Mpwa wako

*

Tarehe 29 Julai

Mpwa wangu mpendwa,

Amani ya Mola ikushukie, na akufanyie wepesi miezi hii. Tu wazima. Chiriku anakusalimu, ametaka niandike kwamba jino limeota. Nitaipeleka barua hii mwenyewe stendi, nimpe dereva, ili isikawie njiani.

Nimekaa na swali lako baada ya sala, na kabla ya sala, na katikati ya sala pia, Mungu anisamehe. Nilitamani nikuambie andika. Nimeutazama mkono wa mtoto huyu ulivyokuwa mwembamba, na nimejua kwamba hakuna mtu duniani atakayekulaumu.

Usiandike. Nyumba hii ina watu wanne. Ukimweka mama yako kwenye kisanduku hicho atakuwa yu hai kwa ajili yetu, anakula kwenye karatasi asichokula alipokuwa nasi. Nimeshamficha mara moja, na wewe ulikuwa mbali ukimtafuta. Tusimfiche tena. Andika wanne, na chini yake, kama karatasi yenu ina nafasi ya maelezo, andika kwamba wa tano alikufa kwa njaa. Kama haina nafasi, basi mpelekee mkuu wako maneno hayo kwa mdomo, mbele ya wale waliocheka.

Na usidhani nimemtoa mtoto sadaka kwa ajili ya ukweli wangu. Nilipomaliza kuyaamua hayo nilitoka nje, nikamkuta Sindano barazani.

"Sindano," nikamwambia, "unga ukija hautaingia kwangu. Wametuhesabu, wakatuona tuna nafuu."

Alinitazama akidhani natania. Alipoona sitanii, alisonya.

"Basi wetu ukija utakula nini, Mwalimu? Dua?"

"Nitakula wako," nikasema, "ukinipa."

Hajawahi kunisikia nikisema neno hilo. Mimi pia sijawahi. Aliinuka bila mzaha wowote, akaingia ndani, akarudi na kopo la unga alioazima kwa dada yake, robo yake tu. Wanaume wa zamu ya asubuhi walikuwa wamekaa barazani, wote wamegeuza nyuso wasinione. Mchana ulikuwa mweupe. Nikaita Chiriku aniletee bakuli, nikasimama katikati ya njia mbele yao, nikalikinga kwa mikono miwili.

Mjomba wako